Risala ya wahitimu wa useremala waliochonga gitaa la umeme, Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu na mafundi wetu,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuhitimisha nasi. Karibu sana Tabora, karibu Unyanyembe.

Umepita kwenye maonyesho yetu ukaona vitanda, kabati na milango ya paneli. Vitu hivyo vinajisemea vyenyewe, hivyo risala haitavirudia. Tunaomba muda wako kwa ajili ya kile kilichotundikwa ukutani nyuma ya meza ya mwisho, ambacho baadhi ya wazazi wamekwisha kutuuliza tumekiazima bendi gani. Hatukukiazima. Ni gitaa la umeme. Mwili wake, shingo yake na kichwa chake vimechongwa katika karakana hii na wanafunzi ambao hawakuwa wamewahi kutengeneza ala ya muziki ya aina yoyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mji huu ni mji wa magitaa. Hapa ndipo ilipokuwa bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro, hapa ndipo palipokuwa na bendi ya Nyanyembe Jazz, na hapa ndipo Shem Karenga alipong'ara na Tabora Jazz. Wazee mlioketi mbele mlizicheza nyimbo zao; sisi tumezikuta redioni. Lakini tulipowauliza wazee kuhusu muziki wa dansi, jambo moja lilijirudia: mara nyingi vyombo havikuwa vya mwanamuziki. Vilikuwa vya mwenye bendi, au vya shirika lililoiendesha. Mpigaji alikuwa na vidole vyake na sauti yake tu, na siku akikosana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu. Hata leo kijana wa Isevya au wa Urambo mwenye kipaji hujifunzia gitaa la kanisani, na ufunguo wa kabati anao mtu mwingine. Sisi ni maseremala, hatuwezi kumpa mtu kipaji. Chombo tunaweza.

Tulichagua gitaa la umeme, hatukuchagua gitaa kavu, kwa sababu za kiseremala kabisa. Gitaa kavu linataka mbao nyembamba sana, mbavu zinazokunjwa kwa moto na kisanduku kinachotoa sauti. Hiyo ni kazi ya fundi aliyekomaa. La umeme mwili wake ni ubao mzima. Sauti haitoki tumboni mwake, inatoka kwenye pikapu: sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko zaidi ya 7,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya ule na kwenda kwenye amplifaya. Huko Marekani, miaka ya mwanzo ya 1940, mpiga gitaa Les Paul alifunga nyuzi na pikapu kwenye boriti ya inchi nne kwa nne, likalia. Kisha akalibandika mabawa ya gitaa la kawaida ubavuni, maana watu hawakupenda kuona mtu anapiga boriti. Na Leo Fender, ambaye mwaka 1950 aliuza gitaa la ubao bapa lenye shingo ya kufungwa kwa skrubu, alikuwa fundi redio. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Habari hiyo ilitutia moyo kuliko tulivyotegemea.

Mbao tuliyotumia ni mninga. Ungetegemea nini kingine Tabora? Ilitoka kwenye kaunta ya zamani ya duka iliyovunjwa, na hilo lilikuwa muhimu kuliko uzuri wake, kwa sababu ilikwisha kukauka miaka mingi. Sote tunaijua milango yetu: mvua za Novemba hadi Aprili inagoma kufunga, kiangazi inaachia. Mlango unavumilika. Shingo ya gitaa ikijipinda milimita moja tu, nyuzi zinakwaruza na mpigaji analitupa. Watengenezaji wa ala hutaka mbao yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 10 hivi, na mbao inayouzwa mbichi barabarani haiko hata karibu na hapo.

Kwa kuwa mwili unahitaji upana wa zaidi ya sentimita 30, tuliunga vipande kwa gundi. Mwalimu alikuwa na kipimo kimoja: zipige randa, zisimamishe moja juu ya nyingine, ziinue kuelekea dirishani. Mwanga ukipita, rudi kwenye randa. Hakuna kibanio kitakachoificha nafasi hiyo, wala gundi. Baada ya hapo tulichora umbo, tukakata kwa msumeno mwembamba, tukalainisha kwa tupa na msasa. Mninga ni mzito kuliko mbao nyingi wanazotumia wenzetu wa nje, kwa hiyo tulichimba mashimo ya siri ndani ya mwili na kuyafunika kwa ubao mwembamba. Ukilishika hutayaona.

Shimo linalopokea shingo lilichongwa kwa patasi, kina cha milimita 16. Kipimo chake ni kuichomeka shingo bila skrubu, kisha kulinyanyua gitaa kwa shingo hiyo. Mwili usidondoke. Ndipo skrubu nne zinafungwa.

Sasa freti, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ambavyo mpigaji hubonyezea nyuzi. Hapa ndipo seremala wa vitanda anapofahamu kwamba alikuwa anakadiria. Ubao wa vidole, ule unaolala juu ya shingo, ni mpingo, kipande tulichopata kwa wachonga vinyago, mgumu wa kumaliza makali ya kila kifaa. Urefu wa uzi tuliochagua ni milimita 648, kutoka kizingiti cha juu, penye kichwa, hadi darajani, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini. Freti ya kwanza hupatikana kwa kugawa urefu huo kwa 17.817: unapata milimita 36.4. Unachukua kilichobaki, unagawa tena kwa 17.817, unapata 34.3. Unaendelea hivyo, na ukifika ya 12 lazima uwe katikati kabisa, milimita 324. Ukikosea nusu milimita sikio linajua, hata la mtu asiyesoma muziki. Wapo kati yetu waliokuwa wanaikimbia hesabu tangu shule ya msingi. Wamegawa kwa 17.817 mpaka wameizoea namba hiyo kama namba ya simu.

Mifereji ya freti inataka upana wa milimita 0.6 hivi, na msumeno wa mbao unakata mpana mno. Tulichukua wembe wa msumeno wa chuma, tukasaga meno yake ubavuni kwa jiwe la kunolea hadi yakalala sawa na bapa. Waya wa freti ukagongwa ndani taratibu. Kisha tukapaka wino wa kalamu ya maka juu ya kila freti na kupitisha tupa bapa iliyonyooka. Palipobaki wino ndipo palipo chini, na tupa ikaendelea mpaka wino ukaisha kote.

Hatutaki kukudanganya kwamba kila kitu ni cha Tabora. Pikapu, vigingi vya kukazia nyuzi, daraja, waya wa freti na nyuzi zenyewe tumenunua. Chuma kinachopita ndani ya shingo kuikaza dhidi ya mvuto wa nyuzi, ambao ni zaidi ya kilo 40 zote sita zikiwa zimekazwa, kimetengenezwa na wenzetu wa uchomeleaji. Nyaya, vitasa vya sauti na kapasita viliunganishwa kwa risasi na wenzetu wa fani ya umeme. Wao ndio waliokumbuka waya wa ethi unaotoka darajani. Bila waya huo gitaa linanguruma kabla hujaligusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu si za kupamba risala. Kuchimba matundu ya pikapu kwa patasi kunawezekana, ila ni kazi ya wiki kwa kitu ambacho mashine ya ruta, ile ya kuchimba mifereji na matundu kwenye mbao, inakimaliza asubuhi moja. Unyevu wa mbao tunaukisia kwa kupima uzito mkononi na kunusa. Vumbi la mninga linakohoza, na barakoa hazitoshi. Na kaunta za zamani za kuvunja zitakwisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mashine moja ya ruta pamoja na kipima unyevu. Mchanganuo wa gharama tumeuambatisha. Pili, utusaidie kuzungumza na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ili vipande vifupi vya mninga kutoka kwenye mbao zinazotaifishwa vitufikie kwa kibali halali. Gitaa halihitaji ubao mrefu. Kipande ambacho mtengeneza kitanda anakitupa kwetu ni shingo. Tatu, shule za mkoa huu zenye vikundi vya muziki zikitaka gitaa, zituulize sisi kabla ya kuagiza nje. Likiharibika, aliyelitengeneza yuko hapa na baiskeli inafika.

Baada ya risala hii gitaa litapigwa na mwenzetu wa fani ya umeme, aliyejifunzia la kanisani. Kabla hajaanza, tunakuomba ulishike, uligeuze, ukague maungio kwa nyuma, na ukiona kasoro uitaje mbele ya wazazi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa fani ya useremala,
Tabora.