Wauza vipuri vya kompyuta, andikeni mnachotuuzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wauza vipuri vya kompyuta wa Dar es Salaam, kwa niaba yetu tunaoagiza tukiwa mbali.

Nina steshenari ndogo hapa Mikindani, Mtwara. Nachapa barua, mikataba ya viwanja na CV za vijana. Msimu wa korosho ukifika, ni nakala za vitambulisho kuanzia asubuhi. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, mwaka 2018: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika mashine ikifanya kazi) ya GB 4, hadidiski ya kutunzia kazi ya GB 500. Ilifika mahali naiwasha, nafagia kibaraza chote, narudi bado haijafunguka. Mteja wa nakala moja ya shilingi 200 hawezi kusubiri hivyo. Anavuka barabara.

Nikatenga laki mbili. Duka la kwanza nililolipigia simu likaniambia niitupe ninunue nyingine, kwa sababu Windows 10, programu kuu inayoiendesha, imekwisha muda wake. Ni kweli Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, ambavyo yangu haina. Lakini hawakuniambia kwamba mtu anaweza kujiandikisha akaendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026, wala kwamba Linux Mint, programu kuu nyingine ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni ya bure na inaendeshwa vizuri na mashine kama hii. Duka la pili likanishauri kadi ya grafiki, kipuri cha kuongeza nguvu ya picha. Mimi sichezi magemu wala sihariri video, na i5 ile ina grafiki yake humohumo ndani. Nilikataa.

Duka la tatu ndilo lililoniumiza. Niliwatajia aina ya mashine yangu neno kwa neno, nikaagiza RAM ya GB 8, wakaipakia kwenye basi. Risiti iliandikwa "RAM 8GB", basi. Nikamwita fundi, kijana wa hapahapa. Aliishika tu akajua.

"Mama, hii haiingii. Hii ni DDR4, RAM ya kizazi cha nne, mashine yako inataka DDR3, ya kizazi cha tatu. Tazama kipengo kilipo, huu mkato wa ukingoni."

Akaiweka sambamba na ile ya zamani nione: kipengo hakilingani, na hata pini zenyewe DDR3 ina 240, DDR4 ina 288. Hakuna kulazimisha hapo. Nilipowapigia simu nikajibiwa kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Elfu hamsini yangu iko kwenye droo mpaka leo.

Yule kijana hakuanza na kuuza. Aliwasha mashine, akafungua ukurasa unaoonyesha nani anafanya kazi, akanionyesha diski iko asilimia 100 wakati prosesa imetulia. Ugonjwa ulikuwa kwenye diski. Hadidiski ni sahani inayozunguka, yangu mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaoitafuta data huku na huku. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka. Tukanunua SSD ya SATA, inayochomekwa kwa waya kama hadidiski, ya GB 256 kwa elfu 70. Akanionya nisichukue ile ya M.2, ndogo inayochomekwa moja kwa moja, hata kama ni ya bei nafuu, kwa kuwa mazabodi yangu (bodi kuu ya ndani) haina pa kuichomeka. RAM ya DDR3 iliyotumika, GB 8, tuliipata mjini kwa elfu 35, akaijaribu mbele yangu kabla sijatoa hela. Akafuta pini kwa kifutio cha penseli, maana upepo wa bahari hapa unakula kila chuma, akabadilisha pesti ya prosesa inayosaidia kuipoza na kile kibetri cha CR2032 kilichokuwa kinanirudisha tarehe nyuma kila umeme ukikatika. Vitu hivyo na ufundi wake, elfu 30. Sasa inafunguka kabla sijamaliza kumsalimia mteja, na hadidiski ya zamani nimeiacha humo itunze kazi za watu.

Jumla elfu 135. Laki mbili ile ilikuwa inatosha na UPS iliyotumika juu yake, betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika. Sina UPS, kwa sababu ya risiti yenye maneno mawili.

Ombi langu kwenu: andikeni kwenye risiti ni DDR ya ngapi, ya kompyuta ya mezani au ya laptopu, mpya au iliyotumika. Mulizeni mteja jina la mashine, au mwambieni apige picha ya lebo ya kipuri cha zamani awatumie. Na sisi wa Mtwara na Lindi tupeni siku saba za kujaribu, zihesabiwe tangu mzigo ushuke kwenye basi.

Mwenye steshenari,
Mikindani, Mtwara