Mradi ukifungwa, ondoka na historia ya kazi pia

Miradi mingi ya mkoa wetu wa Kigoma ina tarehe ya mwisho. Shirika linafanya kazi Kasulu, Kibondo au Kakonko kwa miaka miwili mitatu, fedha za mfadhili zinaisha, ofisi inarudishwa kwa mwenye nyumba, magari na samani vinakabidhiwa. Katika pilikapilika hizo, taarifa zilizomo kwenye programu ya kusimamia kazi, iwe Trello, Asana au Jira, huwa hazipati mwenyewe. Mtu anabonyeza kitufe, anapakua faili linalofunguka kwenye Excel, analituma makao makuu kwa barua pepe, na malipo ya programu yanasitishwa.

Halafu anakuja mkaguzi. Kwamba kisima kimechimbwa anaona mwenyewe, kwenye faili imeandikwa kazi imekamilika. Anachouliza ni nani aliyesogeza tarehe ya kukamilika kutoka Machi hadi Mei, alisogeza lini, na kama ilikuwa kabla au baada ya malipo ya mkandarasi kuidhinishwa. Faili lile halina jibu. Historia yenye jibu hilo ndiyo tunayowasaidia wateja wetu kuitoa kabla mradi haujafungwa.

Sababu ni kwamba CSV, yaani faili lile linalofunguka kwenye Excel, huonyesha kazi zilivyo siku unayoipakua: jina la kazi, anayehusika, tarehe, ilipofikia. Historia ya mabadiliko inahifadhiwa mbali na hapo. Ni kama salio na taarifa ya miamala kwenye simu yako. Salio linakwambia zimebaki shilingi ngapi, lakini nani alituma, nani alitoa na saa ngapi, utayaona kwenye taarifa ya miamala.

Wateja wetu wengi wako Trello, kwa hiyo tuanze huko. Kitufe cha CSV kiko kwenye vifurushi vya kulipia, na hata si vyote, lakini JSON, faili la maandishi la aina nyingine, inapatikana hata kwa anayetumia bure. Tunamshauri kila mteja asilipie kifurushi cha juu kwa ajili ya CSV peke yake, maana JSON ndiyo yenye matukio: kadi (kila kazi huwa kadi moja) ilitoka safu gani ikaenda ipi, nani aliihamisha, nani aliandika maoni gani. Shida yake ni moja, nayo ni kubwa. Faili hilo hubeba matukio 1,000 ya mwisho tu. Bodi, yaani ukurasa wenye kadi za mradi, inayotumiwa na timu nzima kila siku huipita idadi hiyo mapema, na ya mwanzo wa mradi, ambayo ndiyo wakaguzi huyatafuta sana, yanabaki nje. Hayajafutwa. Yapo kwenye seva, ila hutolewa kupitia API, yaani njia ya programu moja kuomba taarifa kwa nyingine, fungu baada ya fungu, kurudi nyuma hadi siku bodi ilipofunguliwa. Ili yapatikane, lazima bodi iwe bado ipo na awepo mtu mwenye haki ya kuingia. Bodi ikishafutwa, hatuna la kukusaidia.

Asana hutoa CSV ya mradi bila usumbufu, lakini maoni na kumbukumbu za mabadiliko hazimo humo, nazo huchukuliwa kwa API kazi moja moja. Jira vivyo hivyo: ukifungua kazi moja unaiona historia yake yote kwenye skrini, ila ukipakua orodha ya kazi kwa CSV, historia hiyo haiji. Kwa API inakuja vizuri sana, kila badiliko likionyesha nani, lini, sehemu gani, thamani ya zamani na thamani mpya.

Ukishaipata historia, angalia saa kabla ya kitu kingine chochote. Trello na Asana huandika muda kwa saa za dunia, UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Chukua mfano wa mstari unaosema 2024-06-30T22:15:00Z (Z ni alama ya UTC). Asiyejua ataandika kwenye ripoti kwamba badiliko lilifanyika tarehe 30 Juni. Hapa Kigoma ilikuwa saa saba na robo usiku, tarehe 1 Julai imeshaingia, na kwa halmashauri au taasisi yoyote inayofuata mwaka wa fedha wa Serikali, huo tayari ni mwaka mwingine. Siku za kufunga mahesabu watu hukesha, kwa hiyo mistari ya namna hii ipo. Sisi huacha safu ya UTC kama ilivyotoka na kuongeza safu ya pili yenye saa za Afrika Mashariki, ili mkaguzi aone zote mbili.

Excel nayo ina madhara yake. Ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili, namba za simu hupoteza sifuri ya mwanzo, na 05/03/2024 inaweza kusomwa 5 Machi au 3 Mei kulingana na mpangilio wa kompyuta. Namba ndefu ndizo zinazoumia kimyakimya: Excel hushika tarakimu 15 tu, wakati namba za kazi za Asana hufika 16, hivyo ya mwisho hugeuka sifuri na huwezi tena kuoanisha kazi na historia yake. Ingiza faili kupitia menyu ya data, uchague safu hizo zisomwe kama maandishi.

Picha na risiti zilizoambatishwa hazimo ndani ya faili, mle mna viungo tu. Zipakueni mapema, intaneti ikiwa nzuri.

Majina pia yana muda wake. Mfanyakazi akiondoka na akaunti yake ya Jira ikafutwa, mahali pa jina lake hubaki maandishi ya mtumiaji wa zamani. Kwa hiyo jedwali la namba za watumiaji na majina yao tunalitengeneza kabla akaunti hazijafungwa.

Kwenye maoni ya kadi mara nyingi kuna majina ya wanufaika, simu zao, hata hali zao za kiafya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihusu taarifa hizo hata mradi ukiwa umefungwa. Ndiyo maana tunafanyia kazi kwenye kompyuta ya mteja, na hatubaki na nakala. Ufunguo wa API, yaani maandishi ya siri yanayofungua taarifa zenu, usiutume kwa WhatsApp. Tunautengeneza pamoja, na kazi ikiisha unaubatilisha wewe mwenyewe tukiwa hapo hapo.

Njoo angalau miezi miwili kabla ya malipo ya programu kuisha. Fika ofisini kwetu Mwanga, mjini Kigoma, na orodha ya bodi au miradi yenu, diski ya kuhifadhia, na mtu mwenye haki za msimamizi kwenye akaunti. Tutaangalia kwanza kuna nini, bila malipo, kisha tukuambie bei kulingana na wingi wa bodi. Kama una bodi ndogo moja isiyofika matukio 1,000, tutakuonyesha kitufe cha JSON na utaondoka na faili lako siku hiyo hiyo.