Matumbawe ya nyumbani: kahawia si kupauka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotunza matumbawe kwenye matangi ya maji chumvi. Malalamiko ni yaleyale: tumbawe lilinunuliwa likiwa zambarau, baada ya mwezi limekuwa rangi ya chai. Jibu la madukani nalo halibadiliki: ongeza taa, badilisha maji, nunua kichupa cha rangi. Tatizo ni kwamba magonjwa ni mawili, na dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo mno wa kahawia, unaotumia mwanga kulitengenezea chakula. Nitrati na fosfati (virutubisho vya majini vinavyotokana na chakula na kinyesi cha samaki) zikizidi, au mwanga ukiwa hafifu, mwani huo hujaa mpaka ukaifunika rangi ya tumbawe lenyewe. Hilo ni tumbawe kahawia. Halipendezi, ila li hai. Joto au mwanga ukizidi, au maji yakikosa nitrati na fosfati kabisa, mwani hupungua na tumbawe hupauka. Joto ndilo lililoyapausha matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998. Tumbawe la namna hii ukiliongezea taa unalimalizia.

Basi pima kwanza. Nitrati iwe miligramu 2 hadi 10 kwa lita, fosfati 0.03 hadi 0.1. Wengi hujivunia kusoma sifuri. Sifuri ni njaa. Ikiwa tumbawe ni kahawia na vipimo viko juu, punguza chakula cha samaki, badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, na dawa ya kunyonya fosfati anza na nusu ya kipimo cha kwenye kopo, kwa sababu fosfati ikiporomoka ghafla, nyama ya tumbawe huanza kubanduka. Likiwa limepauka, lishushe chini, punguza taa, walishe samaki zaidi na uzime kichujio cha povu (kile kinachotoa uchafu majini kwa mapovu ya hewa) saa chache kwa siku.

Kinachosahaulika zaidi ni ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa kizio cha dKH. Uwe dKH 7.5 hadi 8.5, na kubwa ni kwamba usiyumbe. Kwenye tangi la lita 200, gramu 6 za bikaboneti ya soda (isiwe bekingi pauda, hiyo ina asidi) hupandisha dKH 1, na usivuke hapo kwa siku moja. Iyeyushe kwenye maji safi, umimine taratibu penye mkondo. Ualkali ukiwa juu huku maji hayana nitrati na fosfati, ncha za Acropora (matumbawe yenye matawi) huungua. Usizichanganye na ncha zinazokua, ambazo nazo ni nyeupe: inayokua imefunikwa nyama laini, iliyoungua ni mfupa mtupu, na baada ya siku chache huota mwani wa kijani.

Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3. Lenga 25 hadi 27. Lakini feni hukausha maji, na chumvi haiondoki na mvuke. Kinachopungua kifidie kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa hadi kipimo cha vitu vilivyoyeyuka (TDS) kisome sifuri. Ya kisima yanaweza kuleta fosfati na madini usiyoyajua. Chumvi ibaki gramu 35 kwa kilo ya maji.

Taa mpya ianze kwa nusu ya nguvu, kisha ongeza asilimia 5 kwa wiki. Subira inahitajika hapa, maana rangi hurudi kwa wiki na miezi.

Na unaponunua, mwambie muuzaji azime taa za buluu awashe nyeupe. Chini ya buluu matumbawe mengi hung'aa. Akikataa, weka pesa yako mfukoni.

Mtunza matumbawe,
Dar es Salaam