Bungua Ndani ya Makumbusho ya Misitu: Gandisha Kabla ya Kufikiria Dawa

Ukikuta unga laini chini ya kipande cha gogo kilicho kwenye maonyesho, usiufagie tu ukapita. Ufute wote, tandika karatasi nyeusi, kisha rudi baada ya siku chache. Unga mpya ukionekana, bungua, yaani wadudu wanaotoboa mbao, wako kazini. Matundu nayo husema: tundu jipya lina kingo kali na mbao safi ndani, la zamani limefifia na kujaa vumbi.

Mara nyingi inayoliwa kwanza ni sehemu nyeupe ya mbao iliyo chini ya ganda, kwa sababu ndiko kwenye wanga. Kwenye mimea iliyokaushwa, wadudu huanza na maua na mbegu. Kwenye ndege na wanyama waliokaushwa, tafuta manyoya yaliyopukutika na maganda ambayo mabuu wamejivua.

Dawa ya kupuliza haifiki katikati ya gogo, na kwenye karatasi ya mimea huacha madoa. Ndiyo maana huduma yetu ya kukabili wadudu hutegemea friza. Kitu hufungwa kwenye plastiki pamoja na karatasi ya kunyonya unyevu, hewa hutolewa kadiri inavyowezekana, na mishono yote huzibwa kwa utepe. Kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, siku 3 zinatosha. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri ihesabie wiki 2, na hesabu ianze pale kiini cha gogo kitakapofika baridi hiyo. Msijaze friza pomoni: baridi ikiingia polepole, baadhi ya wadudu huizoea na kunusurika.

Kosa linaloharibu zaidi huja mwishoni, watu wanapofungua plastiki mapema. Hewa ya chumbani ikigusa kitu baridi, unyevu wake hugeuka matone juu yake, na baadaye ukungu. Acheni kikae kimefungwa kwa saa 24, na gogo nene kwa muda mrefu zaidi ya hapo, mpaka joto lake lilingane na la chumba.

Visigandishwe: picha za rangi ya mafuta, meno na pembe za ndovu, vioo, na vitu vya nta. Na tafadhali sana, wanyama waliokaushwa zamani msiwashike bila glavu wala kuwapangusa bila barakoa, maana wengi walipakwa aseniki, ambayo ni sumu.

Kugandisha hakukingi kitu kisivamiwe tena. Baada yake pangeni mitego ya gundi kandokando ya kuta, kila mmoja ukiwa na tarehe, na vitu vipya vikae chumba cha pembeni kabla ya kuingia kwenye maonyesho.

Mkituomba ukaguzi, tumeni picha ya matundu ikiwa na rula kando yake, na mhifadhi unga kidogo kwenye kichupa chenye kifuniko. Kipenyo cha tundu na ulaini wa unga hutusaidia sana kumtambua mdudu kabla hatujafika.