Barua kwa mwanangu: Mikono iliyo nyuma ya sanaa ya pop

Mwanangu Zawadi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, baba yako anakusalimu, na mdogo wako anauliza kila siku likizo yako inaanza lini.

Ujumbe wako kuhusu insha ya sanaa ya pop, ile iliyogeuza matangazo, katuni na bidhaa za dukani kuwa sanaa, nimeusoma na kuurudia, hasa pale uliposema kwamba wasanii wa Marekani Andy Warhol na Roy Lichtenstein walikuwa wezi wa kazi za wenzao na kwamba hilo ndilo utakaloandika. Nimeona jambo hili haliwezi kujibiwa kwa simu. Mimi nachapa fulana, na wewe umekulia katikati ya skrini za kuchapia na makopo ya wino, kwa hiyo unajua kwamba nikizungumza juu ya uchapaji sizungumzi ya kusikia. Watu hao nawapenda, na kuna mambo juu yao ambayo naumia kuona yanarukwa.

Wengi wao walikuwa mafundi wa biashara kabla ya kuitwa wasanii. Walichora viatu vya magazetini, wakapaka mabango barabarani, wakaishi kwa kulipwa na wenye bidhaa. Na vile vitu walivyoviiga, yaani lebo, katuni na masanduku, vilikuwa vimechorwa na watu wengine waliokuwa wakilipwa vivyo hivyo, ila majina yao hayakuandikwa popote. Ukitaka kuuliza nani aliiba, anza kwa kuuliza nani alikichora kile kitu mara ya kwanza. Nadhani hapo ndipo insha yako itapata nyama.

Mwanzo wenyewe ulikuwa Uingereza. Eduardo Paolozzi, mtoto wa Waitaliano waliouza aiskrimu huko Scotland, alikata picha za magazeti ya Marekani akazibandika pamoja mwaka 1947, na katika mojawapo kuna bastola inayotoa wingu la moshi lenye neno "Pop!". Mwaka 1956 Richard Hamilton naye akabandika picha ya sebule iliyojaa vitu vya kisasa kwa ajili ya maonyesho ya Whitechapel, London. Hayo yaeleze kwa aya moja, usikae sana hapo. Waingereza walikuwa wakiitazama Marekani kwa mbali, kupitia magazeti. Mimi nakutaka uende kwa waliokuwa ndani ya kazi yenyewe.

Anza na James Rosenquist. Huyu alizaliwa North Dakota mwaka 1933, na alipofika New York alipaka mabango makubwa ya Times Square kwa mkono, akiwa juu ya jukwaa la mafundi, hatua chache kutoka kwenye picha. Hebu fikiria mtu anayechora uso wa mwigizaji ulio mkubwa kuliko nyumba. Akiwa pale juu uso haoni. Anaona rangi ya waridi tu imetanda mbele yake kama ukuta wa hospitali. Jicho la namna hiyo hufundishwa na kazi. Mabaki ya rangi za mabango aliyachukua akachorea picha zake mwenyewe. Mwaka 1960 aliacha kazi hiyo baada ya wenzake wawili kuanguka kutoka juu na kufa. Akapanga chumba karibu na bandari, akaanza kuchora vipande vya vitu vilivyokuzwa kupita kiasi: nusu ya uso, gari, kipande cha keki.

Kazi yake inayojulikana kuliko zote ni F-111, ya mwaka 1964 hadi 1965. Ina urefu wa mita 26 hivi na imeundwa kwa vipande 23. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza katika nyumba ya sanaa ya Leo Castelli ilizunguka kuta zote nne za chumba, hata mtazamaji akawa amezungukwa na ndege ya kivita. Ndege hiyo ilikuwa bado inatengenezwa kwa fedha za walipa kodi wa Marekani wakati vita vya Vietnam vinapamba moto. Juu ya mwili wa ndege Rosenquist akapaka tairi, keki, tambi, balbu, msichana mdogo anayetabasamu chini ya mashine ya kukaushia nywele, na wingu la bomu la atomiki lililofunikwa na mwavuli. Vyote vimepakwa kwa ulaini uleule wa tangazo la kuuzia vitu. Wanaosema sanaa ya pop haikuwa na la kusema juu ya dunia, waonyeshe picha hiyo. Kwangu mimi hakuna iliyoipita katika kundi zima.

Sasa Warhol. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1928, wazazi wake wahamiaji kutoka kijiji cha Mikova, katika nchi ambayo leo ni Slovakia. Baba yake alifanya kazi za ujenzi, akafariki Andy akiwa kijana. Mama yake aliitwa Julia. Andy mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa akikata makopo ya bati na kuyageuza maua ya kuuza nyumba kwa nyumba. Nilipolisoma hilo nilikaa nalo kimya, maana kila mtu anatafuta asili ya makopo ya supu ambayo Andy alikuja kuyachora kwenye vitabu vya falsafa.

Miaka ya 1950 Warhol alikuwa miongoni mwa wachoraji wa matangazo waliotafutwa sana New York, na michoro yake ya viatu vya I. Miller ilitoka magazetini. Julia alihamia kwake, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri wa kipekee, Andy akampa aandike maneno kwenye kazi zake. Mwandiko huo ulipata tuzo ya wabunifu, lakini jina lililoandikwa kwenye tuzo halikuwa Julia Warhola. Iliandikwa "Mama yake Andy Warhol". Hili liweke kwenye insha yako, tena mapema.

Makopo ya supu ya Campbell's yalionyeshwa Julai 1962 katika nyumba ya sanaa ya Ferus, Los Angeles. Yalikuwa 32 kwa sababu kampuni ilikuwa ikiuza ladha 32. Watu wengi hudhani yalichapwa kwa mashine, kumbe aliyachora kwa mkono, moja moja, na yale maua madogo ya chini ya kopo akayagonga kwa muhuri. Jirani aliyekuwa na nyumba yake ya sanaa alipanga makopo halisi dirishani akayauza kwa bei ya dukani ili kumdhihaki. Irving Blum, aliyeiendesha Ferus, aliuza machache, halafu akabadili mawazo, akayarudisha, akamlipa Warhol dola 1,000 kwa yote, tena kwa awamu. Leo yako katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York.

Skrini aliianza mwaka huohuo wa 1962. Kazi hiyo unaijua: unapaka dawa kwenye kitambaa kilichovutwa kwenye fremu, unaweka picha, unamulika, unaosha, na mahali dawa ilipotoka ndipo wino hupita ukivuta raba. Agosti 1962 Marilyn Monroe alifariki, na Warhol akachukua picha yake ya kutangazia filamu ya mwaka 1953 akaichapa tena na tena. Ile kazi kubwa iliyoko makumbusho ya Tate, London, ina nyuso 50: 25 za rangi upande wa kushoto na 25 za wino mweusi upande wa kulia. Upande wa kulia, safu moja imelowa wino hadi uso umezama, na zinazofuata zinafifia, zinafifia, hadi ya mwisho karibu haipo.

Waandishi wengi hueleza kwamba kufifia huko ni kifo. Nami nakubali. Lakini mchapaji akitazama anaona kitu kingine kwanza: wino uliojaa kupita kiasi, kisha skrini inayoanza kuziba, kisha mvuto uliokosa wino. Mteja wa fulana angenirudishia mzigo wote. Warhol aliacha kila dosari ikauke pale ilipo, na kwa kuiacha akamlilia mtu ambaye picha yake ilikuwa imechapwa kupita kiasi akiwa hai. Uamuzi huo haumo kwenye picha aliyoichukua. Mwizi hakupi kitu ambacho hakikuwemo. Na mwaka uliofuata aliajiri kijana aitwaye Gerard Malanga, ambaye uchapaji wa skrini alikwisha ujifunza kwa kuchapa vitambaa vya tai. Kazi nyingi za miaka ile zina mikono ya Malanga.

Kuhusu masanduku ya Brillo nakubaliana nawe kwa kiasi fulani, na hapa uandike kwa ukali unaotaka. Brillo ni stilwaya zenye sabuni za kusugulia sufuria. Aprili 1964 Warhol alijaza nyumba ya sanaa ya Stable, New York, kwa masanduku ya mbao yaliyoundwa na maseremala na kuchapwa kwa skrini yafanane na maboksi ya stoo. Wanafalsafa wakaanza kujiuliza kwa nini hili ni sanaa na lile la dukani si sanaa. Lakini lile la dukani lilibuniwa na James Harvey, na Harvey alikuwa mchoraji! Mchana alibuni maboksi ili apate kula, na muda wake mwingine alichora picha kubwa za kidhahania, yaani zisizoonyesha kitu halisi, ambazo ndizo alizotaka kujulikana kwazo. Alikwenda kwenye ufunguzi wa maonyesho yale, akakuta boksi lake likiuzwa kwa mamia ya dola. Alifariki mwaka uliofuata, 1965, akiwa bado kijana. Mistari ile myekundu na myeupe inayopinda kama bendera inayopepea, ambayo watu huisifu kwa Warhol, ni ya Harvey.

Kwa Lichtenstein, usiseme tu kwamba alinakili. Weka picha mbili pamoja. Msichana anayezama, aliyemchora mwaka 1963, anatoka katika katuni ya mapenzi iliyochorwa na Tony Abruzzo. Katika ile ya Abruzzo kuna mvulana nyuma yake ameng'ang'ania mashua iliyopinduka, na msichana anasema amebanwa na misuli. Lichtenstein akamfuta mvulana, akafuta mashua, akaondoa habari ya misuli, akalibadilisha pia jina la mvulana. Kilichobaki ni maji, machozi na kiburi. Hiyo ni kazi, na ni kazi nzuri. Whaam! nayo, ndege inayolipua nyingine katika picha yenye upana wa mita 4, inatokana hasa na kazi ya Irv Novick. Wachoraji hao wa katuni walilipwa kwa ukurasa, michoro ikawa mali ya kampuni, na mara nyingi hata majina yao hayakuchapwa. Lichtenstein aliwakuta wameshanyang'anywa majina. Ninachomlaumu ni kwamba, alipokuwa na sauti ya kuyarudisha, hakuyatafuta.

Na usimsahau Patty Mucha. Claes Oldenburg alipoonyesha baga, keki na koni ya aiskrimu kubwa za kitambaa mwaka 1962, hata baga peke yake ikawa na upana wa mita 2 na zaidi, aliyekaa kwenye cherehani kuvishona vitu vile ni Patty, mkewe wa wakati ule. Kushona kitambaa kizito kikakaa duara bila kujikunja ni ufundi mkubwa, muulize shangazi yako. Vitabu vingi vinasema Oldenburg "alitengeneza" halafu vinapita.

Fedha ya karatasi na ya kuchapisha nitakutumia kabla mwezi haujaisha. Nami naomba kitu. Maktaba ya chuo ikiwa na kitabu chenye ile Marilyn ya Tate kwa ukubwa, nipigie picha upande wa kulia, safu kwa safu, kwa karibu. Hii ya kwenye simu yangu ni ndogo mno. Nataka kuona kama wino ulikuwa ukikauka kwenye skrini au kama alikuwa akipunguza mkono kwa makusudi, maana kila moja huacha alama yake, na nadhani nikiiona vizuri nitajua.

Ni mimi mama yako,
akupendaye.