Kwa nini tunalikata shimo kabla ya kuliziba

"Shimo lilikuwa dogo, mmelikuza wenyewe ili bili ipande." Lalamiko hili hutufikia sisi tunaoziba mashimo ya lami kila mvua zinapoisha, hasa kutoka kwa wenye maghala na shule, na linastahili jibu kamili.

Shimo linaloonekana la sentimita 60 kwa 60 haliishii hapo. Lami inayolizunguka imeshapasuka na kuachana na tabaka la chini. Igonge kwa sululu, utasikia sauti ya utupu. Tunapiga mstari angalau sentimita 10 nje ya nyufa na kukata kwa msumeno hadi kingo zisimame wima. Shimo linakuwa 80 kwa 80, karibu mara mbili kwa eneo, na kwa kina cha sentimita 5 linameza kilo 75 hivi za mchanganyiko ulioshindiliwa. Ndizo mnazolipia.

Njia ya mkato tunaijua. Kifusi kinamwagwa shimoni maji yakiwamo, lami inayeyushwa kwa kuni kwenye pipa, na kazi ya kompakta, mashine ya kushindilia, wanaachiwa madereva. Lami ya pipa haipimwi joto. Ikiungua inakuwa kavu na kumeguka kama biskuti. Kingo zilizolala hazishiki kiraka, maji yanapenya, magurudumu yanamalizia. Lori linarudi, kokoto nyingine zinapondwa, kuni nyingine zinateketea. Hewa ukaa ambayo wenye njia hiyo huwaambia mmeiokoa kwa kazi nyepesi inatoka mara mbili, na fedha nazo.

Kwa mashimo ya kawaida tunatumia lami baridi ya emulsheni, yaani lami iliyochanganywa na maji. Lami ya moto hutaka kokoto zikaushwe na kupashwa hadi nyuzi 150 au zaidi, takriban lita 6 hadi 8 za dizeli kwa tani; kokoto zikiwa mbichi, zaidi ya hapo. Emulsheni hubebwa na maji, haihitaji moto huo. Chini na kwenye kingo tunapaka K1-60, emulsheni ya kugandisha kiraka, nusu lita kwa mita ya mraba, na tunangoja rangi ya kahawia igeuke nyeusi ndipo tujaze. Anayepaka MC 30 mahali hapo anatumia lami ambayo zaidi ya theluthi yake ni mafuta ya taa: yanayopaa yanachafua hewa, yanayonaswa chini yanalainisha kiraka.

Maji ya emulsheni lazima yatoke. Kwa hiyo tabaka halizidi sentimita 5, kushindilia kunaanzia kingo kwenda katikati, na mawingu yakitanda tunaahirisha. Msitukasirikie.

Langoni, ambapo malori yaliyosheheni hukata kona, lami baridi husukumwa. Hapo tunashauri ya moto bila kigugumizi, ingawa inakula mafuta. Jirani akiwa na mashimo, pangeni siku moja: lori lililojaa hutunza joto, na nauli mnagawana.

Mtaro ulioziba tunauzibua kwanza, na kazi hiyo imo kwenye bei. Maji yakikosa njia, hatufungui pipa la emulsheni.