Daftari halisi limekuwa uji

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari ya semina ya wafanyabiashara, mliyoichapa kabla ya masika haya, imenishinda kuimeza. Utakumbuka kwamba mtaalamu alisema sisi wenye maduka madogo hushindwa kuinuka baada ya mafuriko kwa sababu hatujipangi mapema, na akatuhimiza tuwe na bima, akiba na kumbukumbu zilizotunzwa vizuri. Pichani alikuwa ukumbini, na mezani mbele yake zimepangwa chupa za maji.

Mimi nilijipanga. Ninauza nafaka Kigogo, si mbali na Mto Msimbazi, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yale ambayo baadhi ya waathirika wake walihamishiwa Mabwepande, nilipandisha magunia juu ya chaga, nikakata bima, na nilipogundua mwenyewe (wakala hakunieleza) kwamba bima ya moto peke yake haigusi maji, nikalipa ada ya ziada ili mafuriko nayo yaingizwe. Kila gunia lililoingia na kutoka niliandika katika daftari, na binti yangu akawa anazipiga picha kurasa zake kwa simu. Mvua za Aprili 2018, zilizofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, zilileta maji dukani usiku. Yakavuka chaga, yakafika kwenye droo ya meza nilimoweka daftari na stakabadhi za manunuzi. Nilipopeleka madai, ofisa wa kampuni ya bima alitaka daftari halisi. Nikamwonyesha picha zote, ukurasa kwa ukurasa, zenye tarehe za kabla ya mvua, akasema picha si ushahidi, kwa maana yeyote anaweza kuzitengeneza. Kesho yake nikampelekea daftari halisi ndani ya mfuko, limekuwa uji, akalitazama na kuniuliza kwa nini sikuweka nakala mahali pengine. Mhariri, nakala ndizo zile picha alizozikataa jana yake! Nilizungushwa miezi kumi na moja, na nilichopata mwishowe hakikufika hata theluthi ya mzigo uliooza, ilhali ada yangu ilipokelewa kila mwaka bila mtu kuuliza daftari lilipo.

Kuhusu akiba, mtaalamu angewauliza kwanza wenye fremu. Kodi hulipwa miezi sita mbele, na wangu alikuja kuidai wakati tope bado halijatolewa, akaniambia kwamba mvua si yake. Akiba niliyoitenga kwa ajili ya kununua mzigo mpya iliishia hapo, nikaanza upya kwa magunia manne ya mkopo.

Sipingi kujipanga, na masika kila mtu anajua miezi yake. Ninachopinga ni kuhubiriwa maandalizi na watu ambao wenyewe hawajaandaa hata fomu inayoyatambua maandalizi yetu. Kwa hiyo naomba semina ijayo ifanyike wiki ya tatu ya Aprili, ndani ya fremu yangu, ambayo ukutani bado ina alama ya tope usawa wa kifua. Kampuni za bima zije na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, unaotamka wazi kwamba picha ya daftari iliyotumwa kwao kabla ya mvua ni ushahidi, na kwamba kila Februari wakala atafika dukani, ahesabu magunia pamoja na mwenye duka, kisha aondoke na nakala aitunze yeye, huko ofisini kwao ghorofani. Wenye fremu nao waalikwe. Viti nitatoa mimi. Chupa za maji wasihangaike kuleta.

Muuza nafaka,
Kigogo, Dar es Salaam